Tope la mtaro karibu na bahari: chokaa au saruji, na kiasi gani, ili lijazie njia?

FundiMtaro

Assalaam alaykum wakuu.

Tuna kazi ya kuzoa tope kwenye mtaro wa wazi hapa mjini Unguja, kama mita za ujazo 400. Mtaro una vipande vitatu visivyofanana. Cha juu kinapita nyuma ya gereji na soko. Cha kati ni udongo wa mfinyanzi, na maji ya bahari yanakifikia wakati wa bamvu tu. Cha chini kiko mdomoni kabisa, tope limechanganyika na mchanga mweupe na maganda ya kombe. Kote ni jeusi, na ukilikoroga linanuka yai viza.

Kulipeleka lote jaani Kibele ni safari nyingi za tipa, na huku tunanunua kifusi cha kujazia njia ya ndani ya mtaa: urefu mita 180, upana 4, unene sentimita 25. Juu yake tabaka la kokoto, halafu pevingi. Nataka tope hilihili liingie humo.

Vipimo tulivyonavyo ni vya sampuli moja iliyochanganywa kutoka vipande vyote: maji asilimia 120 ya uzito mkavu, tope bichi tani 1.35 kwa mita ya ujazo, pH (kipimo cha asidi na alkali) 7.4, kinachoungua kwa nyuzi 550 (uozo) ni asilimia 9, risasi miligramu 310 kwa kilo kavu, zinki 640, shaba 120, kadimiamu chini ya 1.

Fundi mmoja anasema tia saruji asilimia 8, kazi imekwisha. Mwengine anasema chokaa ya kuchoma ya hapahapa inatosha na bei yake nafuu. Nani kweli? Na je, tope hili linaweza kupigiwa matofali?

Mkemia_Mtoni

Waalaykum salaam. Muulize kwanza huyo fundi: asilimia 8 ya nini? Chukua tani 1.35 ugawe kwa 2.2. Kavu ni kilo 614, maji kilo 736. Asilimia 8 ya kavu ni kilo 49, yaani mfuko mmoja wa saruji kwa mita ya ujazo. Asilimia 8 ya bichi ni kilo 108, mifuko miwili na ziada. Kwa mita 400 tofauti hiyo ni mifuko 470 hivi. Kazi hii huhesabiwa kwa uzito mkavu, na mtu asipotaja anahesabu kwa kipi, usinunue hata mfuko mmoja.

Maji nayo. Saruji ukiitia kwenye tope la maji asilimia 120 itashika, lakini kidhaifu, kwa sababu nafasi iliyoko kati ya chembe na chembe ni kubwa kuliko saruji inavyoweza kuijaza. Na chokaa isiyozimwa haikaushi kama watu wanavyodhani. Kilo 1 ya CaO safi ikizimika inakunywa kilo 0.32 za maji, na joto lake hata lingeishia lote kwenye mvuke lisingeondoa zaidi ya nusu kilo nyingine. Ukitia kilo 40 kwenye mita ya ujazo umeondoa kilo 13 kwa kuzimika na pungufu ya 20 kwa mvuke, kati ya kilo 736. Kwa hiyo maji yatoke kwanza kwa jua na kwa kuchuja. Tandika nailoni nzito penye mteremko mdogo, weka tope unene wa sentimita 30, ligeuze kila siku mbili tatu, na chini ya mteremko chimba shimo la kukusanyia maji yanayochuruzika. Maji hayo yasirudi mtaroni wala yasielekezwe kwenye mikoko. Shusha tope mpaka asilimia 45 au 50. Chokaa, saruji na vumbi la mawe vitamalizia.

Sasa kemia yenyewe. Risasi na zinki zinatulia zaidi pH ikiwa kwenye 9 hadi 10.5 hivi. Ukipandisha hadi 12 na kitu zinaanza kuyeyuka upya, kwa sababu haidroksaidi zake zinakubali asidi na zinakubali alkali vilevile. Ndiyo maana mtu anamwaga chokaa bila kipimo, anapeleka sampuli maabara, anashangaa risasi kwenye maji ya kuchujia imepanda kuliko kabla hajatia. Saruji nayo ina pH zaidi ya 12, ila hiyo inazifungia pia ndani ya jiwe lake, na jiwe likikomaa na kuvuta hewa pH ya nje hushuka.

Tatizo ni kwamba mtaro wa mjini una kinyesi. Vijidudu vinataka pH 12 ikae angalau saa 2 ndipo vife, na mayai ya minyoo hata hapo mengine hupona. Hayo yanamalizwa na joto au muda. Isitoshe, chokaa ili ijenge nguvu na mfinyanzi inahitaji 12.4. Kila mmoja ana pH yake anayoitaka. Njia inayokubalika ni kupandisha hadi 12 wakati tope liko juu ya nailoni na maji yake yamefungiwa, kuligeuzageuza siku kadhaa lipate hewa, kisha kutia saruji, na kupima mchujo (metali zinazotoka na maji) baada ya siku 28. Usipime siku ya pili.

Hilo la yai viza lina habari kubwa zaidi, lakini kuna mtu humu anayelijua kuliko mimi.

Bi_Maabara

Nimeitwa bila ya kutajwa jina, ahsante Maalim.

Ndugu FundiMtaro, hiyo sampuli moja ya vipande vyote itupe. Umechanganya gereji na mdomo wa bahari, kwa hiyo wastani uliopata si wa pahala popote kwenye mtaro wako. Chukua upya, kila kipande peke yake: vichota visivyopungua vitano kwa kipande, kutoka juu hadi sakafu ya mtaro, vichanganywe kwenye ndoo ya plastiki isiyo na kutu. Ya metali weka kwenye chupa ya plastiki. Ya mafuta, kwa upande wa gereji, weka kwenye chupa ya kioo. Ya salfaidi jaza mpaka mdomoni pasibaki hewa, ifunge, itie kwenye barafu papo hapo. Ikikaa juani nusu siku, unachopima si kilichokuwa mtaroni.

Harufu ya yai viza na rangi nyeusi ni alama ya salfaidi ya chuma. Tope likiwa chini ya maji halina tatizo. Likitandazwa hewani, salfaidi inageuka asidi ya salfuriki, pH inaanguka, na metali zilizokuwa zimetulia zinatoka na maji. Unalikausha tope ili ulitibu, kumbe kule kukausha ndiko kunakoliharibu. Kipimo cha haraka kiko hivi: chukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, irekebishe kwa sodiamu haidroksaidi kidogo mpaka pH 4.5 hadi 5.5 (ya dukani mara nyingi ina asidi, na hapo itakudanganya). Weka nusu kijiko cha tope kwenye bika inayostahamili moto, mimina peroksaidi kidogo kidogo, subiri povu liishe, pima pH. Ikishuka chini ya 3, tope hilo litazaa asidi. Vaa miwani na glavu, uso uwe mbali, maana bika huchemka ghafla na kurusha. Uozo nao unatoa povu, kwa hiyo usihukumu kwa povu. Hukumu kwa pH.

Kwa Unguja kuna jambo la kutufariji: ardhi yetu sehemu kubwa ni ya mawe ya matumbawe na mchanga wa pwani mwingi ni wa chokaa. Kipande chako cha chini, chenye makombe, huenda kikajitosheleza kuizima asidi yake. Lakini maganda makubwa yasikupe moyo kupita kiasi; yakishavikwa kutu na jasi kwa nje yanaacha kufanya kazi. Kinachozima ni unga.

Hesabu ya asidi ni nyepesi. Kila asilimia 1 ya salfa iliyo katika salfaidi, kwa tani kavu moja, inahitaji kilo 31 za kalsiamu kaboneti, na kwa usalama zidisha kwa 1.5. Kwa chokaa iliyozimwa ni kilo 23 kabla ya kuzidisha. Vumbi la mawe la mashine za kokoto ni rahisi na halipandishi pH kupita 8 na kitu, kwa hiyo haliiyeyushi risasi yako. Ila chembe zinazozidi milimita 1 zihesabu kama hazimo.

Kuhusu chokaa ya kuchoma ya hapa: si mbaya, lakini tanuri moja na jengine hazitoi kitu kimoja. Ndani yake kuna mawe ambayo hayakuiva, na iliyokaa wazi wiki kadhaa imesharudi kuwa kaboneti. Pima kila shehena. Saga, chukua gramu 0.5, tikisa ndani ya maji yaliyokolea sukari kwa dakika 15, tia matone ya fenolfthalini, kisha tonesha asidi ya haidrokloriki ya 0.25 N hadi rangi ya waridi ipotee. Kila mililita 1 ni miligramu 7 za CaO. Mililita 71 ni chokaa safi kabisa. Ukipata 40 maana yake asilimia 56, na dozi yako lazima ipande kwa kiasi hicho. Sukari inayeyusha chokaa hai na kuyaacha mawe mabichi, ndiyo kazi yake pale.

Kokoto_Jumbi

Kuhusu matofali naomba nijibu kwa ufupi: hapana.

Tope lililolowa maji ya bahari lina klorini gramu 19 hivi kwa lita. Kwa maji yako ya kilo 736 ni karibu asilimia 2 ya uzito mkavu. Pahala penye nondo halifai kabisa. Tofali lisilo na nondo litasimama, lakini litatoka magadi meupe na plasta itabanduka. Zaidi ya hapo ni tofali lenye risasi, kwenye nyumba ya mtu, mtoto analikwangua. Weka chini ya pevingi ambako hakuna anayegusa.

Kwa mtazamo wangu mmeruka hatua. Mchanga Unguja ni kitu cha kutafutwa, na mtaro umejaa mchanga. Metali zinang'ang'ania chembe ndogo, zile za chini ya maikroni 63. Ukitoa mchanga kwanza umepunguza tope la kutibiwa na umepata mali. Jaribio la pipa: tope sehemu 1, maji 10, koroga, acha dakika 2, mwaga maji machafu ya juu. Kwenye kina cha sentimita 50, chembe ya maikroni 63 kwa maji ya joto letu inafika chini kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo kilichotuama ni mchanga na kilichomwagwa ni tope laini. Rudia mara tatu. Ukizidisha tope kwenye pipa, chembe zinazuiana na hesabu hiyo haifanyi kazi.

Karafuu_Wete

Salaam kutoka Pemba. Mbona hakuna aliyetaja fosfeti? Risasi ikikutana na fosfeti na klorini inakuwa madini ambayo hayayeyuki kabisa, paeromofaiti. Tope la bahari lina klorini tele. Na fosfeti ya mwamba ya Minjingu iko nchini, haiagizwi ng'ambo. Wazungu wao wanatia asidi ya fosfori kisha wanachoma tope nyuzi 650, njia ya Novosol ya kampuni ya Solvay, linatoka unga mkavu usio na uozo.

Mkemia_Mtoni

Karafuu, kwa kemia umesema sawa, kwa pahala sikubaliani nawe. Fosfeti ya mwamba inayeyuka kwenye asidi. Kwenye tope la pH 7.4 lililojaa kaboneti itakaa ilivyo, utakuwa umetia mawe tu. Inayofanya kazi haraka ni TSP (mbolea ya fosfeti inayoyeyuka) au asidi ya fosfori, na hapo kalsiamu inaikamata kabla ya risasi. Kwa nadharia, risasi miligramu 500 kwa kilo inataka fosforasi gramu 45 tu kwa tani kavu. Kazini watu wanatia maradufu nyingi, na ziada ikifika baharini inalisha mwani unaofunika matumbawe. Fosfeti pia inaitoa aseniki ikiwa ipo. Ningeiweka akiba: mchujo ukishindwa baada ya saruji, ndipo tuizungumze, na itiwe siku mbili kabla ya chokaa, isitiwe pamoja nayo. Huko kuchoma nyuzi 650 kuache. Tope lenye maji nusu yake linakula kuni na mafuta ambayo kisiwa hakina.

Kokoto nakubaliana naye kuhusu mchanga, kwa sharti moja: yale maji kumi ya kuoshea yatatoka wapi? Tumia ya bahari kwa kutenganisha, na mchanga uliopatikana uachwe mvua ya masika iusuuze.

FundiMtaro

Ahsanteni sana. Tumepima upya kila kipande.

Juu (mita za ujazo 190): risasi 500, peroksaidi pH 6.4, karibu na gereji kuna utando wa mafuta. Kati (mita 120): risasi 190, peroksaidi pH 2.5, salfa ya salfaidi asilimia 0.8. Chini (mita 90): risasi 90, peroksaidi pH 7.1, na kwa pipa zaidi ya nusu ni mchanga.

Nifanyeje?

Bi_Maabara

Cha kati kitoe kwenye mpango. Salfa asilimia 0.8 ikioksidika yote ni salfeti miligramu 24,000 kwa kilo. Ukiweka chokaa au saruji penye salfeti ya maji zaidi ya 3,000 unaingia kwenye hatari ya kuvimba: salfeti, kalsiamu na alumini ya mfinyanzi vinajenga fuwele za etringaiti, zinakunywa maji na kuinua barabara. Zaidi ya 8,000 hapaguswi. Hata maji ya bahari peke yake, bila ya salfaidi, yanakufikisha karibu 3,000 kwa tope la maji asilimia 120. Pevingi itainuka masika ya pili, wakati mkandarasi keshalipwa.

Tani kavu za kipande hicho ni kama 74. Kuizima asidi yake kunataka kilo 37.5 za kaboneti kwa tani, yaani tani 2.8, kwa vumbi la mawe lenye chembe mchanganyiko tia tani 5 na nusu. Lichanganye likiwa bichi, lisikaushwe juani kwa wiki, lipelekwe Kibele kwa tipa lililofungwa turubai. Tipa lenye mlango wa nyuma unaovuja tope la namna hii barabarani ni kesi nyengine.

Mita za upande wa gereji nazo zitenge. Saruji haishiki mafuta vizuri, na mafuta yanazuia saruji kushikana na chembe.

Kipimo cha mchujo kwa cha juu hakina budi. Kwa njia ya Marekani ya TCLP unatumia maji ya asidi mara 20 ya uzito wa sampuli, saa 18. Kwa hiyo gawa jumla kwa 20: risasi 500 ni miligramu 25 kwa lita kama yote ingetoka, na kikomo ni 5. Lazima upime. Kadimiamu chini ya 1 inatoa chini ya 0.05, kikomo ni 1, hiyo usilipie. Zinki na shaba hazimo kwenye orodha ya TCLP. Kwa ajili ya bahari zipime kwa mchujo wa maji ya kawaida, lita 10 kwa kilo, saa 24. Usitosheke na TCLP peke yake: saruji inaimeza ile asidi na jibu linatoka zuri kuliko hali halisi.

Na hayo majibu yapelekwe ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, kabla ya tope kugusa njia. Ruhusa inaombwa kwa karatasi za maabara. Bila ya hizo mnafukia taka mtaani, hata kama saruji imo.

Mkemia_Mtoni

Umebaki na mita 280 za juu na chini, pungufu kidogo ukitoa za gereji. Tani kavu 172. Likishindiliwa hadi tani 1.2 kavu kwa mita ya ujazo linakuwa kama mita 143. Njia yako ni 180 kwa 4 kwa 0.25, sawa na mita za ujazo 180. Pengo la mita 37 lizibe kwa vumbi la mawe au kifusi, na si kwa ajili ya ujazo tu: chembe kubwa ndizo zinazompa saruji kitu cha kushika. Mchanga wa kipande cha chini basi usiutoe wote. Bora uingie humu kuliko kuuosha.

Majaribio kwanza. Kilo 10 za tope lililofika maji asilimia 50 zina kavu kilo 6.67. Chukua ndoo nne. Zote tia chokaa iliyozimwa asilimia 2, gramu 133 kwa hesabu ya CaO uliyopima, funika siku 3. Chokaa hii kazi yake ni kula asidi za uozo, maana kinachoungua asilimia 9 kitaichelewesha saruji, na zinki inasaidia kuichelewesha. Kisha ndoo ya kwanza iache bila saruji, ya pili gramu 267 (asilimia 4), ya tatu 400 (asilimia 6), ya nne 533 (asilimia 8). Shindilia kwenye moldi, funga kwa nailoni. Siku ya 7, baada ya kulowekwa saa 4, vunja: kwa tabaka la saruji la daraja la C1 la mwongozo wa barabara wa Tanzania unataka nguvu ya megapaskali 1. Wewe unajazia chini, kwa hiyo ukipata CBR (kipimo cha udongo kubeba mzigo) ya daraja la G15, yaani asilimia 15, baada ya kuloweka siku 4, na kuvimba ni kudogo, sioni sababu ya kulipia C1. Nashuku asilimia 6 itatosha. Ndoo isiyoshika kabisa siku ya 7 usiiongezee saruji. Iongezee chokaa na siku, kwa sababu hapo kinachozuia ni uozo.

Dozi ya chokaa ukitaka kuijua kwa uhakika: gramu 25 za tope kavu lililopita kichungio cha milimita 0.425, maji yaliyochemshwa mililita 100, chokaa asilimia 2, 3, 4, 5, 6 kwenye chupa tano, tikisa sekunde 30 kila dakika 10 kwa saa nzima, pima pH. Chupa ya kwanza kufika 12.4 ndiyo kikomo cha juu. Kwa risasi yako kaa chini yake.

Kokoto_Jumbi

Kuchanganya: mikisa ya zege ya kawaida haiwezi, tope linaganda ukutani na kujiviringa mipira, ndani ya mpira hakuna saruji. Pawatila ya mpunga inafanya kazi nzuri. Chuja kwanza taka kwa wavu wa milimita 40, maana nailoni, nguo na vifuu vinajisokota kwenye visu. Tandaza sentimita 20. Pima uzito wa mita ya ujazo ya tope lililokwishakauka, usitumie ile 1.35 ya mwanzo. Tuseme umepata tani 1.5 na maji asilimia 50, kavu ni tani 1, saruji asilimia 6 ni kilo 60, na kwa unene huo mfuko mmoja unafunika mita za mraba 4 hivi. Chora miraba kwa kamba, mfuko mmoja kila mraba, usambaze kwa reki, pawatila ipite mara nne: mbili urefu, mbili kukingama. Kata bonge kwa koleo uangalie ndani. Ikibaki mishipa myeusi, pita tena.

Kutoka saruji kugusa tope mpaka rola kumaliza isizidi saa 2, kwa hiyo tandaza kipande utakachokimaliza, usitandaze mtaa mzima. Tabaka likishashindiliwa liwe la sentimita 12 hadi 15 kwa mara. Rola ikizama au ikibeba tope, maji bado ni mengi: ongeza vumbi la mawe kavu kabla ya saruji, baada ya saruji umechelewa.

Siku ya chokaa vaa miwani, glavu ndefu na mabuti ya mpira, hata kwa dakika tano. Yai viza litapotea na badala yake utasikia amonia inayochoma macho. Hiyo inatoka kwenye kinyesi pH ikipanda. Simama upande upepo unakotoka na usichanganyie ndani ya banda. Chokaa ikiingia jichoni ni maji mengi, dakika 20, kisha hospitali.

FundiMtaro

Swali la mwisho: chokaa isiyozimwa tukaiweke wapi, maana eneo la kazi ni wazi na mvua ya vuli haipigi hodi?

Bi_Maabara

Msinunue isiyozimwa. Dozi yenu ni asilimia 2, faida ya joto lake ni ndogo, na mfuko uliolowa unaweza kuwasha nailoni na mbao zilizo karibu. Nunueni iliyozimwa, juu ya mbao za kuinulia, turubai mbili, na iliyofunguliwa iishe siku hiyohiyo. Saruji nayo iletwe ya siku tatu nne tu. Tope linalosubiri lifunikwe jioni hata kama mbingu ni nyeupe. Mvua moja ya usiku inarudisha maji yote mliyotoa kwa wiki nzima.